Mbogo Ndani ya Jaruba

Mwaka nilipopewa darasa la tatu nilipewa pia sanduku la vitabu. Lilikuwa limekaa stoo ya shule kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, chini ya mipira iliyopasuka na majembe ya bustani. Mwalimu mkuu alinionyesha kwa ncha ya kiatu. "Angalia humo kama kuna cha maana," alisema. "Kitakachobaki mpe mpishi awashie moto wa uji." Alikuwa mtu mwema, ila hakuwa na imani na kitu kisichotoka kwenye mtihani.

Mchwa walikuwa wameshapita. Vitabu vya juu vilinivunjikia mikononi kama mkate mkavu. Lakini chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, nilikuta saba vizima, vyote vya picha, nadhani viliachwa na wageni waliowahi kuja kujitolea pale zamani. Maandishi yake yalikuwa ya lugha nisizozijua. Kimoja herufi zake zilishuka kutoka juu kwenda chini kama mvua. Kila kitabu kilikuwa na watoto wa nchi moja: wanavyoamka, wanavyokula, wanavyowasaidia wazazi, wanavyocheza.

Shule yetu iko kando ya barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, ukishapita Mbingu. Mimi nilikulia Ifakara, na utotoni sikuwahi kuwa na kitabu cha hadithi cha kwangu mwenyewe. Dunia niliyoijua ilianzia Mahenge kwa bibi ikaishia stesheni, ambako treni la kwenda Zambia lilisimama kidogo halafu likaondoka. Nilipenda kutazama sura za watu madirishani. Nilijiuliza wanakula nini huko waendako, na kama watoto wao nao huchapwa wakivunja mtungi. Hakuna aliyenijibu, na nilipokuwa mkubwa nikaacha kuuliza. Siku ile nilikaa sakafuni mwa stoo, vile vitabu mapajani, hadi kengele ya kipindi ikanikuta hapo.

Nikaanza kuvisoma Ijumaa, kipindi cha mwisho. Nasema kuvisoma, lakini kwa kweli nilikuwa navitungia maneno kutokana na picha. Watoto walikuwa zaidi ya sitini, kwa hiyo nilipita katikati ya madawati nimekiinua kitabu, na kila mmoja alipata nafasi ya kukodoa macho. Wiki ya pili tu, mama mmoja alinisimamisha gengeni. "Mwalimu, huyu mwanangu anasema kuna nchi jua halizami miezi mizima. Ni kweli au ananidanganya ili asiende kulala?" Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa. "Basi kupika kwao hakuishi," alisema, akaondoka na nyanya zake.

Nilifurahi mno. Na furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nikosee.

Kitabu cha nne kilikuwa cha wafugaji wa nchi ya nyasi na baridi. Wanaishi kwenye mahema ya duara ambayo huyafunga na kuyahamisha wakifuata malisho. Kulikuwa na msichana wa miaka kama minane, mashavu mekundu kwa baridi, anakamua ng'ombe mwenye manyoya marefu kama zulia. Nilipofika kwenye picha hiyo nikakumbuka kwamba darasani mwangu nina mtoto wa wafugaji. Alikuwa msichana wa Kisukuma, amekaa dawati la tatu karibu na dirisha. Wazazi wake walihamia bonde letu la Kilombero na ng'ombe wao, wakajenga ng'ambo ya mashamba, upande wa Mofu. Alikuwa mtoto mkimya. Aliandika vizuri, alifuta ubao zamu yake ilipofika, na toka mwaka uanze sikuwa nimesikia kwake zaidi ya "Shikamoo mwalimu" na "Ndiyo mwalimu."

Niliona nimepata bahati. Nikamwita kwa jina lake, nikasema kwa sauti ya sherehe, "Simama, mwenzetu. Wewe kwenu mnafuga. Hebu tuambie, maisha ya wafugaji yakoje?"

Akasimama. Darasa zima likageuka. Alishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, akatazama chini. Nikamhimiza, "Usiogope, sema tu." Ndipo msichana aliyekuwa dawati la mbele yake, mtoto mchangamfu ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akasema, "Mwalimu, si ndio wale wanaolisha mpunga wetu?"

Watoto wakacheka. Hawakucheka kwa chuki. Walicheka kama watoto wanavyocheka mtu anapotamka kitu kinachosemwa majumbani kwa sauti ya chini. Nikagonga meza, nikawanyamazisha. Lakini yule wa Kisukuma machozi yalikuwa yameshamwanguka juu ya daftari. Nikamwambia akae. Kengele ikalia.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Hadi Ijumaa nafasi yake karibu na dirisha ilikuwa tupu, na wenzake wawili wa dawati lile walikuwa wameshaanza kujinafasi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mwalimu mkuu wakati ule. Mama yangu alikuwa na shamba la mpunga upande ule ule wa Mofu. Mwaka mmoja, mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke, kundi la ng'ombe liliingia likala zaidi ya nusu. Mwenye ng'ombe hakujulikana. Mama alirudi nyumbani akakaa kizingitini bila kuvua ndala zenye tope, na hakupika siku hiyo. Tangu hapo, nikiona ng'ombe wengi pamoja, hubadili njia. Sikumchukia mtoto yule, naapa. Ila nilipojiuliza kwa nini sijawahi kumtuma chaki ofisini, kazi ambayo watoto wote huigombea, sikupata jibu la kujivunia.

Jumamosi asubuhi nikakodi bodaboda. Nilibeba kitabu cha wafugaji wa baridi ndani ya mkoba, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuwa na kitu mkononi. Njia ilipita katikati ya majaruba ya mpunga, kisha ikawa njia ya ng'ombe, na dereva akanishusha penye uzio wa miiba. Mama wa yule mtoto alikuwa anasuuza vibuyu vya maziwa. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, kanga kiunoni. Nikamsalimia kwa neno pekee la Kisukuma nililojua, "Mwangaluka." Akaitikia, akanitazama, akajua mimi ni nani kabla sijasema.

"Karibu, mwalimu. Mwanafunzi wako yuko kisimani, anakuja."

Alinipa kigoda. Nikaanza maelezo yangu marefu, kwamba nia ilikuwa njema, kwamba nilitaka watoto wajifunze tamaduni za watu, kwamba yule aliyesema vile nimemwonya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuuza. Kisha akasema:

"Mwalimu, mimi sikusoma sana, kwa hiyo nisahihishe. Wale wa kwenye kitabu uliwaeleza mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hukumsimamisha mtu wa kwao."

"Hapana. Hayupo."

"Na sisi ungetueleza mwenyewe?"

Nilikuwa najua watu wa nchi ya baridi wanafunga vipi mahema yao, na sikujua hata kama nyumba niliyokaa mbele yake ilikuwa na vyumba vingapi.

"Mtoto wangu ana miaka tisa," akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulimsimamisha ajibu kwa niaba ya ng'ombe wote wa bonde hili."

Nikamwomba radhi. Nikamweleza pia kuhusu shamba la mama yangu, kwa sababu niliona si haki kukaa kwenye kigoda chake huku nimelificha. Aliweka kibuyu chini. "Pole," alisema. "Na sisi tuliwahi kupoteza ndama kumi na moja kwa sumu iliyomwagwa mtoni. Mwenye sumu hakujulikana." Tulikuwa wanawake wawili ambao wote walikuwa na mtu asiyejulikana.

Mtoto akarudi na ndoo kichwani. Aliponiona alisita, akaitua, akaniamkia. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea." Alimtazama mama yake kwanza, kama kuuliza ikiwa mwalimu anaruhusiwa kusema hivyo. Mama yake akamwambia kitu kwa Kisukuma, na mtoto akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Baadaye tulikifungua kile kitabu wote watatu. Mama alisogeza uso karibu na picha ya mkamuaji, akacheka kwa mara ya kwanza. "Huyu ng'ombe hawajamfunga miguu. Atawamwagia maziwa." Akafunua kurasa taratibu, akiuliza maswali ambayo darasa langu zima halikuuliza: mvua yao inakuja mwezi gani, binti akiolewa anahamia kwa nani, mgeni akifika anapewa nini.

Jumatatu mtoto alikuwa kwenye dawati lake. Je, nilimhamisha yule msichana wa dawati la mbele yake? Hapana, nilifikiri sana na nikaacha kila mmoja alipo. Ila nilibadilisha namna ya kusoma. Sikumsimamisha mtu yeyote tena. Niliinua kitabu tu, nikauliza, "Mnaona nini?" na nikanyamaza.

Kitabu cha tano kilikuwa cha wakulima wa mpunga, wa zile nchi za Asia ambako milima imechongwa ngazi ngazi na kila ngazi ni jaruba. Hapo darasa liliamka. Mpunga watoto wa Kilombero wanaujua kuliko walimu wao. Walikosoa kila kitu. Miche ni midogo mno. Wale wanapanda kwa mstari kama wanapimwa. Kofia zile zinafaa, tena sana. Yule msichana asiye na breki alitangaza kwamba baba yake angemaliza lile jaruba kwa siku mbili.

Nikafunua ukurasa uliofuata. Palikuwa na jaruba lililojaa maji na tope, na ndani yake mnyama mkubwa mweusi, pembe zimepinda kwenda nyuma. Nyuma ya mnyama mwanamume ameshika mpini. Na juu ya mgongo wa mnyama, miguu ikining'inia, mtoto mdogo anacheka.

Darasa lililipuka.

"Mwalimu, mbogo!"

"Mbogo yumo kwenye jaruba!"

"Atamwua yule mtoto!"

Kwetu mbogo si mnyama wa mchezo. Kila ukoo una hadithi ya mtu aliyekwenda kukata fito na hakurudi. Walibishana: wengine walisema picha ni ya uongo, wengine kwamba mtoto yule amepewa dawa. Mmoja alisema mnyama amekuja kula mpunga na yule mwanamume anamfukuza. Na hapo, kutoka karibu na dirisha, nikasikia sauti ambayo sikuizoea.

"Hamfukuzi. Analainisha tope."

Wakageuka. Alikuwa hajasimama, alikuwa amekaa vile vile, kidevu kwenye ngumi, macho kwenye kitabu. "Kile alichoshika ni jembe la kukokotwa. Mnyama anavuta, tope linalainika, halafu ndiyo wanapanda. Baba anafanya hivyo hivyo. Ila sisi tunatumia maksai, na wanakuwa wawili."

Msichana wa mbele akageuka kabisa, magoti juu ya benchi. "Anafanya wapi?"

"Shambani."

"Shamba la nini?"

"La mpunga."

"Kwani nyinyi mnalima mpunga?"

"Tunalima. Hata kule tulikotoka tulikuwa tunalima."

Walimtazama kama watu wanaopanga upya vitu vichwani. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyumbani kwao asubuhi nzima, na sikuuliza yale majaruba niliyoyapita njiani ni ya nani.

Kisha yule asiye na breki akauliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli: "Na wewe unapanda mgongoni?"

"Nikiwa mdogo nilipanda. Nilianguka kwenye tope, mama akanichapa."

Wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao.

Kitabu kile kilitupeleka kwenye jambo jingine. Kurasa za mwisho familia ilikuwa inakula wali kwa vijiti, na watoto hawakuamini kwamba punje zinaweza kukamatwa hivyo. Nikasema tujaribu. Kila mmoja alete konzi moja ya mchele, na vijiti viwili vya mianzi vilivyochongwa vizuri. Mpishi wa uji alikubali kutupikia. Siku hiyo ya Ijumaa tulikaa kwenye mikeka nyuma ya darasa, na kwa nusu saa nzima wali uliruka kila upande. Kuku wa mwalimu mkuu walishiba kuliko sisi. Mwalimu mkuu mwenyewe alitoka ofisini kuona kelele ni za nini, akapewa vijiti, akajaribu mara tatu, akavirudisha. "Nawaheshimu hao watu," alisema, akala kwa mkono.

Yule msichana wa Kisukuma alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa ya mgando alichopewa na mama yake. Alikiweka pembeni bila kusema ni cha nani. Mtoto mmoja akaonja, kisha wa pili, na mwisho wote wakaacha vijiti wakamimina maziwa juu ya wali. Asiye na breki alirudia mara mbili.

Jumatatu baba wa asiye na breki alikuwa mlangoni mwa ofisi. Hakukaa. "Mwalimu, mimi nina hasara ya mpunga kila mwaka kwa sababu ya ng'ombe. Binti yangu anakuja nyumbani ananisimulia maziwa ya hao wafugaji ni matamu. Shule inafundisha nini?"

Nikamwambia, "Mama yangu naye alilishiwa shamba. Upande wa Mofu."

Alinitazama vizuri. "Wewe pia?"

"Mimi pia. Na mwenye ng'ombe hatukumpata mpaka leo."

"Na bado unawalisha watoto maziwa yao."

"Aliyeyaleta ana miaka tisa, mzee."

Alisimama pale, kofia mkononi, akasema kwamba yeye hana ugomvi na mtoto. Kisha akaniuliza kama ni kweli kuna watu wanalima jaruba kwa mbogo. Nikamletea kitabu. Aliitazama ile picha kwa muda, akauliza mnyama yule anakula nini na anafungwa wapi wakati wa mavuno. Sikujua. "Hilo ndilo la kuandika kwenye kitabu," alisema, akaondoka. Sikumbadilisha mawazo, na sidhani nilistahili kujaribu. Lakini hakumkataza binti yake kitu.

Wale wasichana wawili hawakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Waligombania raba, walinuniana. Ila mwezi wa mwisho wa muhula nilimkuta asiye na breki akihesabu hadi kumi kwa Kisukuma wakati wa kuruka kamba, akikosea saba kila mara, na mwenzake akimrudisha kwenye moja kwa ukali kama mkaguzi.

Mwaka uliofuata, nikiwa nimepanda nao darasa la nne, kabla ya likizo ya katikati, mama wa yule msichana wa Kisukuma alikuja shuleni kuomba barua ya uhamisho. Malisho yalikuwa yamebana, na mume wake alikuwa ameamua wahamie upande wa Lindi, ambako ndugu zake walitangulia. Aliniaga kwa mikono yote miwili. Darasani watoto walimzunguka binti yake, wakamwuliza huko kukoje, kuna mpunga, kuna mto, wanazungumza nini. Alisema, "Sijui. Nikifika nitawaambia."

Sikutegemea. Watoto huahidi mengi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, saa ya mapumziko, simu yangu ikaita kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mama yake. "Mwalimu, huyu hapa ananisumbua toka jana. Anasema alitoa ahadi." Nikaingia darasani, nikawaita waliokuwa karibu, nikaweka sauti kubwa na kuiegesha simu juu ya meza. Waliokuwa nje wakasikia, wakajaa mpaka madirishani.

"Shikamooni," ilisema ile sauti ndogo, na wote wakacheka kwa sababu hakuna anayewaamkia watoto wenzake.

Alizungumza bila kuulizwa. Alisema huko miti ni mikorosho, imejaa kama mpunga ulivyojaa kwetu. Korosho inaning'inia chini ya tunda, na tunda linaitwa bibo. Ukilila maji yake yakidondokea sare hayatoki, na yeye ameshachapwa kwa ajili hiyo. Ugali wao ni wa muhogo, mweupe na unanata. Mchana watoto wengi wanakwenda madrasa, na yeye hubaki na mdogo wake wanacheza, lakini ameshajua kusoma herufi tano za Kiarabu kwa sababu rafiki yake humwonyesha kwa kijiti mchangani. Wazee wa pale wanazungumza Kingindo. Siku ya kwanza darasani watoto walimtazama sana.

"Wakakuuliza kuhusu ng'ombe?" ilikuwa sauti ya asiye na breki, amejibana mbele kabisa.

"Waliniuliza. Nikawaambia nimetoka Kilombero, kwenye mpunga. Nikawaambia kuhusu nyinyi."

"Uliwaambia nini kuhusu sisi?"

Mtandao ukakatika. Tulisubiri. Nikapiga, haikupatikana. Kengele ya kumaliza mapumziko ililia, na hakuna aliyekwenda kwenye dawati lake. Walikuwa wanabishana ni nini hasa mtu anaweza kuwaambia watu wa mbali kuhusu darasa letu, na kila mmoja alikuwa na lake, na asiye na breki alikuwa ameshachukua kipande cha chaki na anayaandika ubaoni.